Washiriki Saba Ambao Hawakumaliza

Maabara ilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, mlango wa pili baada ya choo cha wanaume. Ndani mlikuwa na mashine moja iliyosimama kama kabati jembamba, kamera mbili, saa ya kupimia muda, sahani ya biskuti kwa ajili ya washiriki, na viti kumi na viwili, kwa sababu zamani chumba kile kilikuwa cha semina na hakuna aliyekuja kuvichukua. Jumanne asubuhi, saa mbili kasoro, mama wa usafi aliingia na ndoo yake akapiga deki mpaka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya mashine, akasimama. Kwenye kiti kile kilikaa kivuli. Kilikuwa cha mwanamume mwenye mabega mapana, mikono magotini, shingo imeinama kidogo kuelekea kwenye skrini. Mama wa usafi alikisalimia, akapitisha deki pembeni ya miguu yake, na alipopishana na Kimya mlangoni akamwambia kiti kimoja kina mtu, asije akakiwekea begi.

Kimya ndiye aliyekuwa akifanya utafiti humo. Hilo halikuwa jina lake. Alipewa na wenzake wa shahada ya uzamili wiki ya kwanza, Profesa alipowataka wajitambulishe na yeye akakosa nafasi, maana kila alipofungua mdomo alikuta mtu mwingine ameshaanza. Somo lao lilikuwa mwingiliano wa binadamu na kompyuta. Shangazi yake alipouliza maana yake, Kimya alimweleza kuwa ni kumtazama mtu akihangaika na mashine, kisha kuandika nani alaumiwe. Shangazi akauliza kama kweli watu husomea hilo. Kimya alisema ndiyo, miaka miwili.

Mashine ilikuwa ya kampuni moja, na baada ya majaribio ingepelekwa kwenye kliniki ya mtaa kuchukua nafasi ya dirisha la dawa. Mgonjwa wa kila mwezi, wa presha au wa sukari, angeandika namba ya kadi yake, angechagua dawa, angethibitisha, na pakiti ingedondoka kwenye kisanduku cha chini. Kampuni ilitaka kujua mtu wa kawaida angetumia dakika ngapi. Hilo ndilo likawa swali la tasnifu ya Kimya.

Washiriki walikuwa ishirini na wanne, na kila mmoja alikuja peke yake. Mshiriki aliombwa aseme kwa sauti chochote anachokiwaza, huku Kimya amekaa hatua mbili nyuma yake na daftari. Ukutani, kwa mwandiko wa Profesa mwenyewe, palibandikwa karatasi: USIMSAIDIE MSHIRIKI. Mtafiti akisaidia, data imeharibika. Mshiriki akiuliza swali, jibu ni moja tu, nalo walilikariri darasani kwa pamoja kama watoto wa chekechea: Fanya kama ambavyo ungefanya kama nisingekuwepo.

Mshiriki wa nne alikuwa dereva mstaafu wa malori. Aliandika namba yake bila kukosea, akachagua dawa, akathibitisha. Skrini ikaandika: Ombi lako linashughulikiwa. Tafadhali subiri. Chini ya maneno hayo kaduara kakaanza kuzunguka. Dereva aliweka mikono magotini akasubiri. Zilipotimia dakika arobaini kikao kiliisha, Kimya akamshukuru, akampa biskuti, naye akashuka ngazi akaenda zake. Kivuli chake hakikuinuka.

Kimya aliitazama video ya kikao kile mara tatu. Ukurasa ule haukuwa na kinachofuata. Aliyeutengeneza alitegemea mtu angesubiri sekunde mbili, angechoka, na angegusa kioo tena, popote pale, na hapo pakiti ingedondoka. Wanafunzi walikuwa wamegusa tena kabla kaduara hakajamaliza mzunguko wa kwanza. Karani mmoja wa benki aligusa mara sita, tena kwa kiganja. Dereva alikuwa ameambiwa asubiri, na ameambiwa kwa adabu, akasubiri.

"Kwa hiyo inawahudumia wasiosikia wanaloambiwa," alisema Jedwali. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzake wa upande wa takwimu, kijana aliyepanga kila kitu kwa safu na mistari, mpaka nguo za wiki.

Kufikia Ijumaa vivuli vilikuwa vitatu. Mshiriki mpya alipoingia, vilisogea kiti kimoja kimoja kumpisha, kama watu wanavyosogea kwenye benchi la foleni, isipokuwa hapa kusogea kulikuwa kuzidi kuwa mbali na mashine. Havikuleta shida yoyote. Jedwali alisema angalau hawali biskuti. Saa za mchana jua lilipoingia kwa nguvu vilififia, kwa hiyo Kimya alizoea kufunga pazia nusu, na kwenye mwanga ule wa rangi ya chai ya rangi aliandika ripoti zake, akigeuza kurasa polepole. Kimoja kilinukia sabuni ya kufulia. Kingine, cha mlinzi wa shule, kilisinzia. Kaduara kalizunguka, na chumba kizima kilikuwa na utulivu wa mahali ambapo jina la mtu litaitwa muda si mrefu.

Wiki ya pili mshiriki wa kumi na moja alipiga simu kusema amepata dharura. Kimya alimwomba shangazi yake aje kuziba pengo. Shangazi alikuwa dada wa baba yake, fundi cherehani wa sare za shule, na ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Alifunga chumba cha kushonea, akavaa gauni lake la kutokea, akapanda ngazi zote tatu bila kupumzika, ili asimcheleweshe mtu. Alivisalimia vivuli kimoja kimoja kabla ya kukaa.

"Niseme kila ninachowaza?"

"Kila kitu, shangazi."

"Nawaza umekonda."

Kimya aliandika: mshiriki ameelewa maelekezo.

Shangazi alivaa miwani akafanya kila kitu kwa dakika moja na nusu. Ilikuwa kasi kubwa kuliko ya wanafunzi wawili, na Kimya alijisikia fahari ambayo haikuwa na sehemu yake kwenye fomu. Kisha skrini ikamwambia asubiri. Shangazi alipakata mkoba. Alisema anawaza kwamba mashine ina kazi nyingi, maskini. Dakika ya tano alisema anawaza kola za sare. Dakika ya kumi na mbili alisema hawazi kitu. Dakika ya ishirini aligeuza kichwa.

"Mwanangu, ndiyo niendelee kusubiri?"

Kimya aliinama mbele. Angenyoosha mkono angekifikia kioo. Juu ya kichwa chake ilikuwepo karatasi ya Profesa, na kamera mbili zilikuwa zikiwaka taa nyekundu.

"Fanya kama ambavyo ungefanya kama nisingekuwepo," alisema.

Shangazi alilitafakari jibu hilo kwa heshima, kama alivyotafakari lolote aliloambiwa na mtu aliyesoma.

"Usingekuwepo," alisema, "ningekuwa nakusubiri wewe."

Kimya aliiandika sentensi ile neno kwa neno, kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, na pembeni akaandika saa. Zilipotimia dakika arobaini shangazi alifunga biskuti zake kwenye leso na kushuka ngazi. Kivuli chake kilibaki kitini, na kivuli cha mkoba mapajani.

Nyumbani shangazi hakulifanya hilo kuwa jambo. Alisema sasa jua linampiga pande zote, basi. Lakini siku chache baadaye Kimya alimkuta kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, kitambaa chini ya sindano, ametulia. Baada ya muda mguu ulikanyaga, mshono ukaendelea. Kimya alimuuliza alikuwa anafanya nini.

"Nilikuwa nasubiri."

"Unasubiri nini, shangazi?"

"Mimi nitajuaje? Nimeambiwa nisubiri."

Kimya hakujua kufanya lingine, kwa hiyo alipima. Mara ya kwanza alipoleta saa ya maabara nyumbani, kituo cha kusubiri kilikuwa sekunde tisa. Wiki iliyofuata kilikuwa sekunde arobaini, na iliyofuata, dakika nne. Jumamosi moja alimkuta amesimama mlangoni, ufunguo ndani ya kitasa, na mkono ulioushika ukiwa wa baridi kama kitasa chenyewe. Alikuwa pale tangu asubuhi. Kimya alichora grafu. Mstari ulipanda kwa kasi zaidi kila wiki, na kama ungeendelea hivyo, kabla shule hazijafungua shangazi angekuwa anasubiri siku nzima, kila siku. Watoto wa shule mbili walikuwa wakimtegemea kwa sare, lakini siyo sare zilizomkosesha Kimya hamu ya kula.

Alirudi maabara akakaa kando ya kivuli cha shangazi na kujaribu kugusa kioo kwa niaba yake. Skrini ikaandika: Kikao cha 11 kimefungwa. Alijaribu vyote saba, maana kufikia hapo vilikuwa saba, na vyote vilikuwa vimefungwa. Dawa ilikuwa moja: kampuni ibadili ukurasa ule, ujisogeze wenyewe baada ya sekunde mbili, na ivifungue vikao vilivyofungwa vipite. Ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Wote saba wangepata majibu yao na kwenda nyumbani.

Profesa alikubali kuitisha kikao, akaja na mhandisi wa kampuni. Profesa alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alitundika koti lake kwenye bega la kivuli cha dereva, akagundua, akaomba radhi, akalihamishia kwenye kitasa. Mhandisi alihesabu viti kwa kidole na kusema vimekaa vizuri. Kimya alikuwa ameandika ukurasa mzima, akausoma bila kuinua macho. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema anaelewa sana, na kwamba hata mama yake mzazi yuko hivyohivyo, lakini toleo lilishafungwa mwezi uliopita na halifunguliwi kwa sababu ya maoni ya mtu mmoja. Watahini wa tasnifu wakilipendekeza rasmi, kwa maandishi, hapo kampuni italifungua. Vinginevyo watu watazoea.

"Kwa waliomaliza, wastani ni dakika mbili na sekunde kumi na moja," Profesa alisema, akifungua ripoti. "Matokeo mazuri sana haya."

"Na hawa, Profesa?"

Profesa aliviangalia viti kwa huruma ya kweli. "Hawa hawakumaliza. Muda wao hauna mwisho, na kisicho na mwisho hakiingizwi kwenye wastani. Jedwali atakuonyesha."

Jedwali alimwonyesha, akitazama viatu vyake.

Basi Kimya aliandika sura ya tano. Aliiandika kwa wiki sita, mchana maabara kati ya vivuli, jioni karibu na cherehani. Katika wiki hizo aligundua jambo moja ambalo hakuliingiza kwenye tasnifu: shangazi akisimama, ukimgusa begani mara moja hasikii, ukimgusa mara ya pili anaendelea. Kwa hiyo Kimya alikaa karibu naye na kumgusa mara mbili, tena na tena, na kola zikashonwa. Sura ilipokamilika ilikuwa na kurasa ishirini na moja. Ilisema kwamba washiriki saba hawakukosea popote. Ilisema wao ndio waliofuata maelekezo yote mpaka mwisho, na kwamba mashine iliwaacha kwa sababu hiyo. Mwishoni kulikuwa na pendekezo la mstari mmoja.

Siku ya utetezi wa tasnifu, watahini watatu walikaa upande mmoja wa meza ndefu, Profesa pembeni, na mhandisi nyuma kama mgeni, na kalamu mkononi. Kimya alikaa upande wa pili, akiwa amevaa blauzi aliyoshonewa na shangazi, ambayo kifungo chake cha mwisho kilichukua saa nzima. Aliwasilisha kazi yake kwa sauti ndogo lakini hakukosea. Watahini waliusifu wastani. Kisha mtahini wa nje, mzee nadhifu mwenye miwani ya kusomea puani, akasema sura ya tano ni nzuri na ina moyo, ila haijibu swali la utafiti. Swali lilikuwa dakika ngapi. Alipendekeza ihamishiwe nyuma, iwe Kiambatisho C, na mapendekezo yake yasiwekwe kwenye muhtasari.

Kimya aliinua mkono.

"Subiri kidogo, binti," mtahini alisema kwa upole. "Tutakuja kwako."

Wakaingia kwenye pambizo za kurasa, wakatoka hapo wakaenda kwenye orodha ya marejeo. Kimya aliuweka mkono juu. Sentensi alikuwa nayo mdomoni, tayari, yenye kiima na kiarifu. Alikuwa amewatazama watu kumi na saba wakigusa mara ya pili, akijua hasa wanavyofanya: hawakusubiri kuitwa, hawakuomba radhi, walitumia sekunde mbili. Alihesabu mbili. Alihesabu mbili nyingine. Jedwali, aliyekaa nyuma, alikohoa kikohozi kirefu kilichoacha nafasi ya kutosha sentensi tatu. Kimya alifungua mdomo, na mtahini wa pili akaanza kuzungumzia ukubwa wa herufi. Shangazi alikuwa amemlea asimkatize mtu anayesema.

Saa sita kasorobo walifunga mafaili, wakampongeza. Alikuwa amefaulu, na vizuri. Mhandisi alimpa mkono, kisha akairudisha kalamu yake mfukoni. Watu waliinuka, viti vikasukumwa, mlango ukafunguliwa. Kimya alipofika koridoni alihisi wepesi kidogo upande wa kushoto, kama mtu aliyesahau mwavuli. Alirudi akachungulia. Kivuli chake kilikuwa bado kimekaa mezani, mkono umeinuliwa. Mtahini wa nje alikuwa akikusanya karatasi zake, akakiinamia kidogo kwa heshima kisha akatoka na kuzima taa.

Mashine ilichukuliwa Jumatatu. Wabebaji wanne waliishusha ngazi, wakaipakia kwenye kigari kilichokwenda mwendo wa mtu. Vivuli saba viliinuka vitini vikaifuata, kimoja nyuma ya kingine, bila kusukumana, vikapita mbele ya maduka ya vipuri na kinyozi na shule ya msingi ambapo watoto walikuwa mapumzikoni. Watoto waliacha kucheza kamba mpaka vikapita, kama walivyofundishwa kufanya kwa msafara wowote. Mama wa usafi alisimama dirishani na ufagio wake mpaka kivuli cha mwisho kikapinda kona. Kisha aliweka viti kumi na viwili sawa.

Kwenye kliniki mashine ilisimamishwa pale pale palipokuwa dirisha la dawa. Dada wa dirishani, aliyejua presha ya kila mtu kwa sura, alihamishiwa stoo ya mafaili. Mwezi wa kwanza ulianza na vivuli saba. Mwezi wa pili vilikuwa thelathini na kitu, na uongozi ukaongeza mabenchi mawili na kubandika tangazo kuwaomba watu wasikalie viti vyenye watu. Ripoti ya kampuni ilipatikana mapokezi kwa yeyote aliyeitaka. Ilisema dakika mbili na sekunde kumi na moja.

Kimya alimpeleka shangazi siku ya dawa yake ya presha, asubuhi. Asubuhi alikuwa naye kila siku, na alasiri alikwenda chuoni, ambako alipewa kazi ya kuwafundisha wanafunzi wapya namna ya kutomsaidia mshiriki. Kivuli cha shangazi kilikuwa benchi la mbele, mkoba mapajani. Shangazi alikiona, akaenda kukaa kando yake, akamweka Kimya upande wa pili. Walikaa hivyo kwa muda. Hapo shangazi alionekana mwenye afya, kwa sababu mahali pale kila mtu alikuwa ametulia kama yeye. Alitoa sindano na kola moja kutoka mkobani akashona bila kusimama hata mara moja.

Zamu yake ilipofika aliandika namba, akachagua, akathibitisha. Skrini ikamwomba asubiri. Shangazi alirudisha mikono yake.

"Mwanangu, ndiyo nisubiri?"

"Hapana, shangazi. Gusa tena."

Shangazi alikaangalia kaduara kakizunguka. "Kameniambia kanashughulika. Nikaguse tena, kaseme sikulelewa?"

Kimya alinyoosha mkono. Hapakuwa na karatasi ukutani wala kamera. Aligusa kioo, na pakiti ikadondoka kwenye kisanduku kwa kishindo kidogo, ikiwa na vidonge vya mwezi mzima. Benchini kivuli cha shangazi hakikutikisika. Ombi lake lilikuwa la kikao cha kumi na moja. Shangazi aliiokota pakiti, akaishukuru mashine, akamshukuru na Kimya.

Nyuma yao alikuwepo babu mmoja mwenye kofia mkononi. Kimya alimgusia kioo. Akamgusia na mama aliyemfuata, na fundi bomba aliyemfuata mama. Foleni ilifika mpaka nje, ikapita geti, na kila aliyeingia aliambiwa asubiri. Kimya alisimama pale akigusa mpaka shangazi alipokuwa amemsubiri kiasi kwamba sindano ilisimama hewani. Hapo alimwendea, akamgusa begani mara moja, kisha mara ya pili, wakashikana mikono wakatoka. Nyuma yao mwanamke aliyeshika zamu alisoma maandishi, akaweka mikono magotini.

Ilikuwa saa sita kamili na jua liko utosini, saa ambayo hakuna mwenye kivuli barabarani, na wao wawili wakapita katikati ya watu bila tofauti yoyote.